Emin Pasha: Gavana wa dini tatu aliyewaachia Kibra askari wake

Kuna jamaa mmoja ambaye hakuwahi kukanyaga Kibra hata siku moja. Alikufa kabla reli haijafika mahali tunapopaita Nairobi. Lakini ukishuka Makina Ijumaa mchana, adhana ikianza na mzee wa kofia nyeupe akikupita mbiombio kuelekea msikitini, jua kwamba safari ya mzee huyo ilipitia mikononi mwa jamaa huyo. Anaitwa Emin Pasha. Kama ulisoma historia shuleni ulikutana naye kwa mistari miwili hivi: alikwama Sudan, Stanley akaja kumwokoa. Basi, kengele ikalia. Mistari hiyo miwili haikumtendea haki, na watu aliowaacha nyuma haikuwatendea haki kabisa.

Tuanze na jina, maana hakuzaliwa nalo. Tarehe 28 Machi 1840, mjini Oppeln katika jimbo la Silesia, lililokuwa chini ya Prussia na leo liko Poland, familia moja ya Kiyahudi ilipata mtoto wa kiume wakamwita Isaak Eduard Schnitzer. Baba alifariki 1845, mtoto akiwa na miaka mitano. Mama akaolewa tena, safari hii na mume ambaye si Myahudi, na watoto wakabatizwa katika kanisa la Kilutheri. Kwa hivyo hata kabla hajaota ndevu, Eduard alikuwa ameshabadilisha dini mara moja, wala hakuna aliyemuuliza anaonaje.

Alisoma udaktari Breslau, Königsberg na Berlin, akahitimu 1864. Halafu mambo yakaharibika. Alichelewa kuufanya mtihani wa serikali, na bila mtihani huo hangeruhusiwa kutibu watu kwao. Wewe uliyehitimu na unazunguka mjini na bahasha ya vyeti, ofisi hadi ofisi, unaweza kumwelewa kidogo. Eduard hakuzunguka. Alifunga virago akaenda kutafuta kazi kwa Waturuki.

Milki ya Uthmaniya wakati huo ilitawala sehemu kubwa ya Balkani. Alipata kazi Antivari, bandari iliyoko Montenegro ya leo, akiwa daktari wa karantini: meli ikitia nanga, yeye ndiye anayeikagua isije ikaleta kipindupindu mjini. Lugha zilimwingia kama maji kwenye mchanga. Kituruki, Kialbania, Kigiriki, zote akazishika. Mwaka wa 1870 aliingia katika utumishi wa gavana mmoja, Ismail Hakki Pasha, na gavana huyo alipofariki 1873, daktari wetu akarudi kwao Ulaya akiwa na mjane wa bosi wake pamoja na watoto, akawatambulisha kwa jamaa kama familia yake mwenyewe. Mwaka wa 1875 akawaacha ghafla, akatoweka. Hapo sitamtetea, na wala sijaona aliyemtetea vizuri.

Alipoibuka tena alikuwa Khartoum, Desemba 1875, na jina lake sasa ni Mehmed Emin. Emin maana yake mwaminifu. Alivaa kama maafisa wa Kituruki, akaishi kama Mwislamu, akafungua kazi ya udaktari na kuanza kukusanya mimea, wanyama na ndege. Tangu siku zake za Balkani alikuwa ameanza kujiita majina ya Kiislamu, na aliwaandikia watu wa kwao kuwatuliza kwamba kilichobadilika ni jina tu. Waandishi wa maisha yake wamebishana mpaka leo kuhusu kilichokuwa moyoni. Mimi naona ubishi huo una faida ndogo. La maana ni kwamba alikuwa amejifunza jambo ambalo watu wengi wa mpakani hujifunza: mahali ambapo hakuna anayekujua, dini ndiyo kitambulisho cha kwanza unachoonyesha mlangoni.

Wakati huo Misri, iliyokuwa chini ya mtawala anayeitwa Khedive, ilikuwa imesukuma mpaka wake kusini kando ya Nile hadi karibu na Ziwa Albert. Jimbo hilo la mwisho kabisa liliitwa Equatoria. Leo ukitaka kulitafuta, tazama Sudan Kusini na kona ya kaskazini ya Uganda. Lilikuwa jimbo kwa jina zaidi kuliko kwa matendo: msururu wa ngome za udongo kando ya mto, Lado, Rejaf, Dufile, Wadelai, meli mbili ndogo za mvuke, na askari. Gavana alikuwa Mwingereza, Charles Gordon, ambaye alimwita Emin awe daktari mkuu. Emin akafika Mei 1876. Gordon akamtuma pia kama mjumbe kwa Kabaka Mutesa wa Buganda na kwa Omukama Kabarega wa Bunyoro, na kote huko akapokewa vizuri. Mwaka wa 1878 Emin akafanywa gavana.

Mwanamume mfupi, mwenye miwani minene, aliyependa usafi na karatasi. Kila siku aliandika kumbukumbu zake, hali ya hewa ikiwemo. Alichuna ngozi za ndege kwa mkono wake na kuzituma kwenye majumba ya makumbusho Ulaya. Kuna shomoro mdogo wa rangi ya kahawia iliyoiva anayeishi hapa Kenya sehemu za ukame, na jina lake la kisayansi, eminibey, limetoka kwa huyu bwana. Kuna pia panya buku wa msituni aitwaye Cricetomys emini. Si kila gavana anapewa heshima ya kuitiwa panya.

Lakini tuwaache ndege. Askari ndio hadithi yenyewe.

Ukisikia neno jeshi la Misri usifikirie vijana wa Cairo. Maafisa wachache walitoka Misri na Sudan ya kaskazini, wengine wakiwa wameletwa huko kama adhabu. Askari wa kawaida walikuwa Wadinka, Wabari, Wamakaraka, Wamadi, Wakakwa, Walugbara na wengine wengi. Baadhi yao waliletwa jeshini kwa nguvu, wakiwa watoto waliotekwa katika mavamizi ya watumwa. Wake zao walitoka katika vijiji vilivyozunguka ngome. Hawakuwa na lugha moja wala mizimu mmoja wa kumtambikia. Kambini walipewa vitu vitatu: bunduki, Kiarabu cha amri za jeshi, na Uislamu. Kile Kiarabu kikapondwapondwa na kukandwa upya na akina mama jikoni na watoto uwanjani mpaka kikawa lugha kamili, Kinubi, ambayo utaisikia leo ukipita Makina au Lindi. Uislamu nao ukawapa jina jipya, sheria ya ndoa, namna ya kugawa urithi, na kubwa kuliko yote kwa mtu aliyeng'olewa kwao, watu watakaokuzika.

Hapa niruhusu nikupeleke mbali kidogo, kwa Warumi, kwa sababu kilichotokea Dufile kilishatokea kwao karne nyingi kabla.

Dola ya Roma nayo ililinda mipaka yake kwa askari waliotoka pembe nyingine kabisa za dunia. Kaskazini mwa Uingereza kuna ukuta mrefu wa mawe uliojengwa kwa amri ya Kaisari Hadrian kuanzia mwaka wa 122. Kwenye ngome moja ya ukuta huo, mahali panapoitwa Carrawburgh, kiangazi kikali cha 1949 kilikausha ardhi ya kinamasi na vichwa vya mawe vikachomoza. Wanaakiolojia walipochimba mwaka uliofuata walikuta hekalu dogo la mungu Mithras, na ndani yake madhabahu matatu yaliyowekwa na makamanda wa kikosi cha Wabatavi. Wabatavi walitoka Uholanzi ya leo. Mithras ana jina la Kiajemi. Yaani kikosi cha Kiholanzi, kikilipwa mshahara na mfalme wa Roma, kilimwabudu mungu mwenye jina la Iran katika baridi ya Uingereza. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na kisima cha Coventina, mungu wa kike wa maji wa mahali hapo hapo, na mwaka wa 1876, mwaka uleule Emin anafika Lado, kisima hicho kilifukuliwa kikatoa maelfu kwa maelfu ya sarafu zilizotupwa humo kama sadaka. Askari hakuchagua mmoja. Aliyebeba mungu kutoka mbali alimsalimu na wa pale alipofikia.

Upande wa pili wa dola, kule Syria, kulikuwa na mji wa ngome uitwao Dura-Europos. Karibu mwaka wa 256 Waajemi walipokuja kuuzingira, askari wa Roma walirundika udongo nyuma ya ukuta ili uwe mzito, wakafunika mtaa mzima uliokuwa kando yake. Mji ukaanguka, watu wakaondoka, udongo ukabaki. Wachimbaji walipoufungua katika miaka ya 1920 na 1930 walikuta, kwenye mstari mmoja kando ya ukuta huo, sinagogi lenye kuta zilizojaa picha, nyumba iliyogeuzwa kanisa, na hekalu la Mithras. Wote walikuwa majirani. Kama umewahi kupita barabara moja ya Kibra ukahesabu msikiti, kanisa la mabati, na kanisa jingine la mabati lenye spika kubwa kuliko la kwanza, unajua mtaa wa namna hiyo unavyosikika.

Na kwenye Nile yenyewe? Mpaka wa kusini wa Roma ulikuwa Nubia. Pale kisiwa cha Philae, karibu na Aswan, hekalu la Isis liliendelea kupokea waumini kutoka kusini mwa mpaka hata baada ya Roma kuwa dola ya Kikristo, mpaka Kaisari Justinian alipolifunga katika karne ya 6. Usifikirie tu kwamba Wanubi wa Kibra ni wajukuu wa moja kwa moja wa watu hao wa Philae. Jina Nubi huku kwetu ni koti lililovalishwa askari wa makabila mengi. Linalofanana ni namna mambo yanavyokwenda: dola inatuma watu mpakani, watu wanabeba ibada, dola inaondoka, ibada inabaki na mawe yake.

Nimelileta hili kwa sababu ya swali moja ambalo mwanaakiolojia anaulizwa kila siku, nalo linawahusu sana watu wa Kibra: utajuaje askari wa kawaida aliamini nini, na utajuaje kwamba mahali fulani palikuwa kwao? Kamanda ana pesa ya kuchongesha jiwe lenye jina lake. Gavana ana shajara. Askari wa kawaida ana sarafu aliyotupa kisimani na kaburi lake. Emin alijaza madaftari. Askari wake hawakuandika karibu chochote. Ngome zao kule Uganda bado zinaonekana kama matuta na mahandaki ya udongo, na katika miaka ya 2000 mwanaakiolojia Merrick Posnansky alichimba Dufile.

Turudi kwa gavana. Mwaka wa 1881 Muhammad Ahmad alijitangaza Mahdi nchini Sudan na kuanzisha vita dhidi ya utawala wa Misri. Kufikia 1883 njia ya Nile ilikuwa imezibwa. Januari 1885 Khartoum ikaanguka na Gordon akauawa. Emin akabaki na jimbo lililokatwa na dunia: hakuna meli kutoka kaskazini, hakuna mishahara, hakuna barua. Akahamia kusini zaidi, Wadelai. Walilima pamba wakasuka nguo zao, wakatengeneza sabuni na viatu. Angalia kitendawili hiki: askari Waislamu wanapigana na jeshi la Kiislamu la Mahdi, wakiwa chini ya gavana aliyezaliwa Myahudi na kubatizwa Mlutheri, kwa ajili ya Khedive ambaye wengi wao hawakuwahi kumwona. Ukiwauliza wao, hapakuwa na kitendawili. Walikula kiapo kwa Khedive, na Khedive ni Mwislamu. Ikaisha.

Barua za Emin zilipenya kupitia Buganda hadi Zanzibar na Ulaya ikashtuka. Gordon hakuokolewa, angalau huyu aokolewe. Henry Morton Stanley akapewa kazi hiyo, akachagua njia ndefu na mbaya kupita zote, ya msitu wa Kongo, ambako mamia ya watu wake walikufa, wengi wao wapagazi walioajiriwa Zanzibar. Tarehe 29 Aprili 1888 akakutana na Emin kando ya Ziwa Albert. Wengi wameandika juu ya kichekesho kilichokuwepo: mwokozi ana njaa na matambara, mwokolewaji ana nguo safi nyeupe na chakula cha kugawa.

Na mwokolewaji hakutaka kuondoka. Stanley alikuwa na mapendekezo mfukoni. Mojawapo lilikuwa kwamba Emin awachukue askari wake na kuwahamishia Kavirondo, pembe ya kaskazini mashariki mwa Ziwa Victoria, wakaishikilie kwa niaba ya kampuni ya Waingereza. Kavirondo ni upande wa Kisumu na Magharibi. Kwa hivyo wazo la kuwaleta watu hawa Kenya lilikuwepo mezani mwaka wa 1888, kabla Kenya yenyewe haijapata jina.

Askari walipoanza kusikia minong'ono ya kuhama walishuku. Wao walijua njia moja tu ya kwenda Misri, nayo inafuata Nile kwenda kaskazini. Sasa huyu mzungu anatokea msituni, amechakaa, anasema njia ya Misri iko kusini na mashariki? Agosti 1888 maafisa waliasi, wakamfungia Emin pamoja na Jephson, mtu wa Stanley, pale Dufile. Jeshi la Mahdi likashuka, likachukua Rejaf, na mwezi wa Novemba likashambulia Dufile. Askari haohao walioasi wakalirudisha nyuma. Emin akaachiliwa, lakini ugavana ulikuwa umekwisha. Aprili 1889 akafuatana na Stanley kwenda pwani pamoja na binti yake mdogo, Ferida, ambaye mama yake alikuwa Mhabeshi. Wengi wa askari walibaki nyuma na afisa mmoja Msudani, Selim Bey. Ama walichelewa kufika, ama hawakungojewa vya kutosha. Inategemea unamsoma nani, na Stanley aliandika sana.

Walifika Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Wajerumani wakawaandalia karamu. Usiku huohuo Emin, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, alianguka kutoka dirisha la ghorofani akavunjika fuvu la kichwa. Aliponea chupuchupu. Alipopata nafuu hakwenda Ulaya kupokea medali. Alijiunga na Wajerumani na 1890 akarudi bara, na mwishoni mwa mwaka huo akaanzisha kituo cha Bukoba.

Kisha akafanya jambo ambalo kwangu ndilo linauma kuliko yote katika maisha yake. Katikati ya 1891 alirudi kwa Kavalli, karibu na Ziwa Albert, alikowaacha askari wake. Walikuwepo bado, na Selim Bey, na wake, na watoto, na watumishi, wakilima na kuswali. Aliwaomba wamfuate, sasa chini ya bendera ya Ujerumani. Wachache sana walikubali. Wengine walimwambia, kwa ufupi, kwamba wao ni watu wa Khedive. Mtu aliyebadilisha dini, jina na bendera kila alipobadilisha nchi alikuwa anawabembeleza watu ambao kubadilisha bendera ndiko walikokataa, kwa sababu yeye mwenyewe, miaka kumi na zaidi, aliwafundisha kuishika.

Miezi michache baadaye, Septemba 1891, Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Waingereza alifika palepale. Selim Bey hakukubali kuajiriwa mpaka Khedive atoe idhini, na kwa msingi huo wakakubaliana. Watu zaidi ya 8,000 walihama na Lugard kuelekea Uganda, askari wakiwa mia chache tu kati yao. Hesabu hiyo ni ya kijiji kinachotembea, si ya kikosi.

Emin yeye alielekea magharibi, ndani ya Kongo. Ndui ikaingia kambini mwake. Desemba 1891 alimrudisha msaidizi wake Franz Stuhlmann pamoja na wale wenye afya, yeye akabaki na wagonjwa, haoni vizuri, akiandika shajara kwa macho yaliyokaribia kuzimika. Kongo ya mashariki ilikuwa inaingia vitani kati ya Wabelgiji na wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka pwani, na mzungu yeyote alikuwa adui. Tarehe 23 Oktoba 1892, mahali pa chifu Kinena, watu waliotumwa na Kibonge, mmoja wa wakubwa hao, walimkamata akiwa mezani kwake na kumchinja. Alikuwa na miaka 52. Madaftari yake yalipatikana baadaye mikononi mwa watu wa huko, yakapelekwa Ulaya yakachapishwa. Ferida alilelewa Ujerumani na shangazi yake.

Na wale watu wa Khedive? Mwaka wa 1893 Waingereza walimshutumu Selim Bey kwa kupanga uasi, wakamwondoa Uganda kumpeleka pwani. Alikuwa mgonjwa na akafia njiani, Naivasha. Ukienda kuona viboko wikendi, kumbuka. Mwaka wa 1897 askari wengine Wasudani waliasi kweli, wamechoshwa na safari zisizoisha na mishahara midogo. Mwaka wa 1902 waliobaki, pamoja na Wasudani wengine walioajiriwa kupitia Mombasa, waliingizwa katika jeshi jipya, King's African Rifles. Na kuanzia 1904 hivi wakaanza kupewa makazi kwenye msitu mmoja pembeni mwa Nairobi. Kwa lugha yao msitu ni kibra.

Mwaka wa 1918 eneo hilo lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, ekari 4,197. Hakuna aliyepewa hati ya shamba. Walipewa vibali vya kukaa na kulima, na serikali ya kikoloni ikashikilia kwamba wao ni wapangaji wa Taji ambao wanaweza kuondolewa wakati wowote. Mara kadhaa ilijaribu kuwahamisha. Mabishano yakawa yaleyale miaka nenda rudi: hawa si wenyeji, kwao ni Sudan. Ila Sudan ipi? Mtoto wa askari Mlugbara na mama Mwalur, aliyezaliwa Uganda na kuoa Kibra, arudi wapi?

Hapo ndipo swali la mwanaakiolojia linaporudi likiwa na makali. Karatasi hazikuwepo. Vilivyokuwepo ni misikiti, na madrasa kando yake, na makaburi. Ni akina mama waliovaa gurbaba na kucheza doluka harusini. Ni pombe kali pia, tuseme ukweli: enzi za ukoloni jin ya Wanubi ilikuwa na sifa Nairobi nzima, ilisomesha watoto na kujenga nyumba. Mchimbaji wa mwaka wa 3000 akikuta mtambo wa jin hatua chache kutoka mihrabu atakuna kichwa kama wale waliokuta Mithras na Coventina majirani.

Baada ya uhuru hali haikubadilika haraka. Vijana wa Kinubi waliotimiza miaka 18 walipelekwa kuhojiwa na kamati kabla ya kupata kitambulisho, waambiwe walete cheti cha babu, wakati wenzao wa darasa moja wanapata chao na kwenda zao. Mwaka wa 2011 kamati ya wataalamu ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki ya watoto wa Kinubi ya kuwa na uraia. Juni 2017 jamii hiyo ilikabidhiwa hatimiliki ya Kibra, baada ya zaidi ya miaka mia moja. Ekari 288. Linganisha mwenyewe na zile 4,197.

Hesabu hiyo haiwapendezi wote. Kuna wapangaji Waluo, Waluhya, Wakamba na Wakisii ambao nao wamezaliwa Kibra na watazikwa na kumbukumbu za Kibra, na hatimiliki moja haimalizi maswali yao. Kama una rafiki Mnubi na rafiki Mluo mtaani, waulize wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake.

Jambo moja la mwisho kuhusu makaburi hayo. Mwislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea Makka. Wachimbaji hutumia mwelekeo huo kutambua kaburi la Mwislamu hata pasipo na jiwe wala jina. Kule York au Vindolanda utafuta kibla upande wa kusini mashariki. Kutoka Nairobi, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja. Kwa hivyo wazee wa Kibra, wale wa kizazi cha kwanza waliotoka Wadelai na Dufile wakimfuata kila gavana aliyekuwa na bendera, wamelala wote uso kaskazini, upande uleule uliko Mto Nile.